Baba kavaa sari, baba kajificha nyuma ya gari ya ng'ombe

Wale mliokosa kuja Jumamosi usiku kwa ile mvua kwenye onesho letu la sinema hapa Wete, Pemba, nilipozungumza juu ya baba na wanawe baada ya talaka, nimeombwa niyaweke hapa niliyoyasema, basi haya, kama nilivyoyasema. Vile vipande vya sinema tulivyovionesha ukutani sikuviweka, na pale jenereta ilipokuwa inakohoa nimeparuka mana hata mie mwenyewe sikujisikia.

Assalaam aleikum. Hamjaitika. Assalaam aleikum jamani! Ehee, hapo sawa.

Wazee wangu, maalim, mabaharia mliorudi dago, kule kambi za uvuvi, wiki hii, na nyie kina mama mliojipanga upande ule wa mlangoni kama mnataka kukimbia, kwanza nikutoeni khofu. Mie si shekhe. Si wakili. Mie ni yule yule mnaenijua, wa duka la kukodisha kanda, enzi za deki, kabla simu hizi hazijatuulia biashara. Nimeitwa nizungumze kwa sababu mbili tu, nimeangalia picha nyingi kuliko mtu yeyote hapa Wete, na nimeacha mke. Shahada zangu ndo hizo mbili.

Hapo mlangoni bwana mmoja kanishika mkono kaniuliza, we hivi, kuachana nako kuna la kuchekesha? Suala zuri. Mana leo tumekuja kuangalia sinema ya kuchekesha, Mrs. Doubtfire ya Wamarekani, na stelingi wake ni baba aliyeachana na mkewe. Nikamwambia ingia, kaa, utacheka, halafu ukifika nyumbani usingizi hautokuja.

Lakini kabla yake, nani anaikumbuka ile ndugu yake ya Kihindi, Chachi 420? Nyosheni mikono. Mashaallah, wenye mvi wote. Ile picha ilitoka India mwisho wa mwaka 1997, dukani kwangu kanda yake ikaingia mwaka uliofuata na sikupata kuwa na kanda iliyolika kama ile, ilikodiwa mpaka rangi zikaanza kukimbia kwenye kioo. Chachi kwa wenzetu ni mke wa ba'mdogo. Na 420 kilikuwa kifungu cha ile sheria ya adhabu waliyoachiwa na Muingereza, mpaka walipoibadilisha mwaka 2024, kifungu cha utapeli, wazee wangu nyie char so bis, yani hiyo mia nne na ishirini kwa Kihindi, mnaijua tangu Raj Kapoor na picha yake ya Shree 420 ya mwaka 1955. Kwahiyo jina lenyewe ni Mke wa Ba'mdogo Tapeli.

Kamal Haasan ni kijana wa kazi za ngoma kwenye mastudio, kamuoa Tabu, mtoto wa tajiri, na baba mkwe ni nani? Amrish Puri. Yule akitokea tu kila mtu alikuwa anajua adui kaingia, hata hajafungua mdomo. Ndoa ikavunjika, wakafikishana mahakamani, mtoto akapewa mama, baba kabakiwa na siku za kuhesabu. Afanye nini? Kenda kwa mzee fundi wa kupaka watu sura, Johnny Walker yule mchekeshaji, kapakwa uso, kavishwa sari, katiwa nywele za bandia, kaingia nyumba ya baba mkwe kama yaya. Kumlea mwanawe mwenyewe! Kwa mshahara! Na kibaya zaidi, Amrish Puri akampenda.

Chekeni, chekeni, ndo tulichojia.

Maalim mmoja, Mungu amuhifadhi, kanitahadharisha mapema kwamba mwanamme kuvaa nguo za kike haifai. Nakubali maalim. Sikuja hapa kukwambieni mkavae mabuibui, na kwa ndevu hizi na miguu hii ninayoiona hapa mbele mtakamatwa kabla hamjafika Limbani.

Hadithi yenyewe lakini si ya Wahindi. Aliianza bibi mmoja wa Kiingereza, Anne Fine, kaandika kitabu mwaka 1987. Wamarekani wakaichukua wakafanya Mrs. Doubtfire mwaka 1993, ndo hii mnayoiona leo ukutani, Robin Williams kavaa gauni na miwani. Kamal Haasan akaifanya kwao kwa Kitamil mwaka 1996, mwaka wa pili akairejea kwa Kihindi, halafu ndo ikapanda boti ikaja kwetu. Yani kutoka Uingereza mpaka bandari ya Wete kila nchi iliyopitishiwa wamesema ee, huyu baba tunamjua.

Sasa nisikilizeni hapa. Yule wa Kihindi mlango ulifungwa na baba mkwe mwenye mali na walinzi. Yule wa Kimarekani mlango ulifungwa na jaji pale San Francisco, kaambiwa huna kazi, huna nyumba, watoto utawaona Jumamosi tu. Sie hapa mlango wetu nani kaufunga? Nauliza tena. Sie mlango wetu nani kaufunga?

Mke ukimuacha anarudi kwao, si ndo ada yetu? Kwao wapi? Wengine hapa ukipiga chafya kwako, kwao wanakwambia yarhamukallah. Hakuna mlinzi. Hakuna jaji. Kuna baraza, na kwenye baraza kuna bibi anachambua mchele, na bibi mwenyewe ukipita anakwambia karibu. Na hupiti! Wenzetu baba anavaa sari apate kumuona mwanawe, sie baba anavaa kanzu yake safi, kofia ya mkono, manukato, halafu anazunguka njia ya nyuma ili asimuone.

Nitakupeni yangu mana ya mtu mwengine kuyatangaza ni dhambi.

Mwaka 2004. Mwanangu wa kike yuko darasa la nne, talaka ina mwaka na kitu. Biashara mbovu, watu washaanza kuleta sidii, kanda hazikodiwi, na mtoto keshaniambia baba nataka viatu vya skuli. Basi mie nikawa najua saa saba wanatoka, njia ile sipiti. Sipiti! Nazunguka nyuma ya soko, kwenye magenge ya samaki, kwenye maji ya samaki, bora ninuke kuliko kukutana na kitoto cha miaka kumi. Siku moja nikasahau saa. Natokeza hivi namuona kule mbele anakuja na wenziwe, ushungi mweupe, mkoba mgongoni. Na ubavuni mwangu imesimama gari ya ng'ombe imepakia makuti. Mwanamme mzima nikainama nyuma ya makuti. Nikajibana. Nikasema hapa hanioni, na kweli asingeniona, lakini mwenye gari kamchapa ng'ombe wake gari ikaondoka. Mie nikabaki nimechutama katikati ya njia, peke yangu, kama kaa aliyeachwa na maji.

Mtoto kaja mpaka nilipo. Shikamoo baba, umeangusha nini?

Nikasema funguo.

Basi yule mtoto kaweka mkoba chini, kapiga magoti kwenye vumbi, kaanza kutafuta. Kawaita na wenziwe. Watoto watano wanatafuta funguo ambazo ziko mfukoni mwangu, na mie natafuta pamoja nao, nafunua mawe! Nusu saa nzima. Nikimwambia basi mwanangu nenda, ananambia baba utalala nje. Kenda kuchelewa kula, kachelewa chuoni, chuo cha Qurani, kagombezwa na ustadhi. Kwa funguo.

Sasa nambieni nyie, Amrish Puri kumpenda mwanamme mwenzake na hii yangu, ipi ya kuchekesha zaidi?

Na nilikuwa namkimbia nani? Sikuwa namkimbia mtoto. Nilikuwa nakimbia viatu. Ndo hapo nataka mnielewe, mana naona wengi humu tuna maradhi hayo hayo, tumejifanya sie ni pochi yenye miguu, pochi ikiwa tupu basi tunaona hata miguu haina haki ya kwenda. Mtu hana pesa Ramadhani anajificha, Idi ikija anajificha kabisa, watoto wanadai sikukuu zao kwa kila mpita njia isipokuwa baba yao. Miezi inapita, aibu inazaa aibu, ukija kushtuka mtoto kavunja sauti.

Lakini msinipeleke siko. Kuna wajanja nishawaona wanatikisa vichwa, wanasema alaa, kumbe matumizi si lazima, nikenda kumuangalia tu yatosha. Haitoshi! Nafaqa ya mtoto, yani matumizi yake, iko juu ya baba, Suratul Baqara aya ya 233, na aya hiyo hiyo inakwambia mtu hakalifishwi ila kwa uweza wake. Yote mawili yamo kwenye aya moja, sie tumeigawa, mama zao wanasoma mwanzo sie tunasoma katikati. Huna elfu kumi peleka elfu mbili, huna elfu mbili peleka maembe, lakini peleka kwa mkono wako, usimpe mtoto wa jirani.

Kuna baharia mmoja yumo humu ndani, simtaji, asiinuke. Huyu akenda dago ni miezi. Kabla hajaondoka anapeleka alichonacho kwa mtalaka wake, na kule dago kila usiku baada ya isha anapanda juu ya jabali kutafuta netiweki, anampigia mwanawe, anamwambia haya nisomee ulichosoma chuoni leo. Mtoto anasoma. Na yeye baba mwenyewe, anisamehe, hakusoma, basi anasahihisha kwa kubahatisha. Anamuacha aende aende, halafu anamkata, hebu rejea hapo! Mtoto anarejea. Naam, sasa sawa. Wamekwenda hivyo msimu mzima mpaka siku moja mtoto kamwambia, baba, mbona unanirejesha hata nikisoma sawa? Kamjibu, mwanangu, nakupenda ukisoma mara mbili. Jamani yule si tapeli? Yule ndo char so bis wetu wa Pemba, na hakuhitaji sari.

Sasa turudi kwenye picha mana kuna kitu watu wengi wanakiruka kwa kucheka. Yule Robin Williams kabla hajaachwa alikuwa baba wa aina gani? Mzuri kwa watoto, ndio, mzuri wa kupiga soga. Siku ya kuzaliwa mtoto kaleta wanyama mpaka ndani, wanyama wa kweli, nyumba imekuwa zizi, mama karudi kazini kachoka kakuta vurugu, na hapo hapo mama ndo akaonekana mbaya mana yeye ndo wa kusema basi. Ndoa ikaishia hapo. Halafu alipovaa gauni kaanza vipi? Kapika akaunguza, matiti ya bandia yakashika moto. Baadae kajifunza. Kapika kweli, kasafisha, kakaa na watoto wafanye kazi za skuli, kawazimia tivi! Yule yule! Yani alikuwa baba bora kwenye gauni kuliko kwenye suruali, mana gauni lilimlazimisha afanye kazi ambayo siku zote alikuwa akimuachia mke. Kwangu mie utani wote wa picha ile uko hapo, ile sura waliyompaka ilipata Oscar na ilistahiki, lakini sura ni pambo tu.

Sie tuna wale ninaowaita baba wa sikukuu. Anamchukua mtoto Idi mosi, anampeleka viwanja vya sikukuu vya Tibirinzi, bembea, chipsi, soda mbili, aiskrimu, puto, mpira wa plastiki, maghrib anamrejesha tumbo limejaa upepo. Mtoto anamuona baba yake ni mfalme. Nani anaamka saa nane usiku mtoto anatapika? Nani anajua hesabu hazimwingii? Kina mama hapo msipige makofi, bado nakuja kwenu.

Nimeshakuja. Kuna mlango kweli unafungwa, sisemi haupo. Yupo mama anamwambia mtoto baba'ko hana maana kila siku asubuhi kama dua. Na wapo kina Amrish Puri, babu na bibi, kijana anakuja na maembe yake mawili anaambiwa mtoto kalala, saa kumi za jioni, mtoto kalala! Kwa madhehebu yetu ya Shafii hadhana, yani kukaa na mtoto na kumlea, ni ya mama mpaka mtoto afike umri wa kupambanua, miaka saba hivi, halafu anaulizwa achague, na mama kupewa hadhana hakumtoi baba kwenye ubaba. Ukifungiwa mlango kweli kweli usije kwangu nikupe sari, nenda kwa Kadhi. Zanzibar tuna sheria ya Mahakama ya Kadhi namba 9 ya mwaka 2017, tuna Sheria ya Mtoto namba 6 ya mwaka 2011 ambayo inatanguliza maslahi ya mtoto kwanza, kayaeleze yako kwa adabu upangiwe siku zako. Lakini kabla ya kwenda jiulize, umegonga mara ngapi? Mana mie ningeulizwa na Kadhi ningesema nilikuwa nyuma ya gari ya ng'ombe.

Jengine, huyu mume mpya. Hili linauma, naona watu wanajikuna. Kwenye picha ya Kimarekani huyo bwana mpya wa mama, ingawa hawajaoana, ni Pierce Brosnan, James Bond huyo huyo, pesa anazo, kifua anacho, na ubaya wao hawakumfanya adui. Mtu mzuri kabisa! Robin Williams anatafuta kosa halipati, mpaka inamuuma zaidi. Mie wangu alikuwa dereva wa gari ya abiria, kifua hana. Siku naskia mwanangu kavaa viatu vipya, kanunuliwa na nani? Na yule dereva. Nikapanda mori. Nikenda mpaka pale barazani nimekunja mikono ya shati, nikamwambia bwana we, mwanangu mie ndo wa kumvisha viatu, unanisikia? Kanitizama. Kasema, kweli kaka, haki yako. Anavaa namba ngapi?

Sikujua.

Nimekaa hivi, yeye amekaa hivi, mama mtu kaleta kahawa, tumekunywa kimya. Ilikuwa namba thelathini na tatu. Kanambia yeye.

Namalizia na miisho ya hizi picha, mana hapa mie na wateja wangu wa zamani tulikuwa tunagombana. Chachi inaisha wanarudiana, familia imekaa pamoja, watu walikuwa wanarudisha kanda macho mekundu. Ya Kimarekani hawarudiani. Baba anapata siku zake za kuwaona watoto, lakini mama yuko kwake na yeye yuko kwake, na Robin Williams na muongozaji wake Chris Columbus walikataa kabisa kubadilisha, walijua watoto wengi wanaoangalia wazee wao wameachana, wasipewe tamaa ya uongo. Zamani nikiiona ile ya Kimarekani haina ladha. Kwanini nimebadilika? Mwanangu aliiangalia Chachi dukani kwangu, miguu haifiki chini ya kiti, ilipoisha kanigeukia, baba, na nyie mtarudiana? Nikasema inshaallah. Na mie nishatoa talaka tatu! Nishatoa tatu wazee wangu, eda imekwisha, mwenyewe najua hakuna kurejea pale, nimemtumia jina la Mungu kumkimbia mtoto. Kaishi na inshaallah ile miaka miwili mpaka mama'ke alipoolewa. Ningemwambia siku ile ile, hapana mwanangu, hatutarudiana, na Ijumaa nitakuja kukuchukua. Maneno machache hayo. Nikashindwa, mie mwenye mdomo wa kuhadithia picha nzima ya Kihindi kwa watu wasiojua Kihindi.

Sasa keshakuwa mkubwa, ana watoto wake wawili, mumewe yuko nae alhamdulillah. Siku ya harusi yake kaniita ndani, mikono imejaa hina hawezi kushika kitu, kanambia, baba unakumbuka zile funguo? Nikajifanya, funguo gani. Kasema zilikuwa zinalia mfukoni mwako kila ukiinama.

Nikamuuliza, sasa mbona ulitafuta nusu saa nzima?

Kacheka tu, kaniweka kofia sawa kwa kiwiko asinitie hina.

Haya, dakika zangu zimekwisha, naona mwenye projekta ananipungia. Jumatatu saa saba skuli zikitoka mie nitakuwa nimekaa nyuma ya soko, pale kwenye magenge ya samaki, na birika la kahawa na kashata. Wote mnaopita pale nakujueni. Njooni mnywe, halafu tutatokea njia ya mbele pamoja. Zimeni taa.